Karanga za Kiranja

Kiangazi cha mwaka 1996, watoto wa kijiji kimoja jirani na Kakese walikwenda shule na vidumu vya maji. Maji hayo yalikuwa ya kumwagilia miche ya mipapai. Asiyeleta alirudishwa mtoni.

Emelyne wa darasa la sita alikuwa kiranja. Alisimama njiani kukagua vidumu.

"Wewe, maji yako wapi?"

"Sina, kiranja. Shika karanga."

"Haya, pita."

Watoto wakaizoea njia hiyo. Vidumu vikapungua. Miche ikaanza kunyauka.

Jioni moja Spès wa darasa la kwanza, mtoto wa jirani, alikuja kuomba moto. Alikuwa anachechemea.

"Mguu una nini, mama?" aliuliza Bibi Thacienne, anayemlea Emelyne.

"Nimeanguka mtoni, Bibi. Maji yalimwagika njiani, kiranja akanirudisha. Kwetu hatuna karanga."

Bibi alimpa moto. 

Chakula kilipoiva, Bibi alishika upawa. "Emelyne, umeniletea nini?"

"Nikuletee nini tena? Nina njaa, Bibi."

"Kaka yako kaniletea muwa. Anakula."

Arcade, kaka yake, alicheka, mdomo umejaa. "Kiranja, toa karanga!"

"Maharage nimechambua mimi! Kula ni haki yangu."

"Na kuingia shule ni haki ya nani?"

Emelyne aliinama. "Lakini Bibi, rushwa si ya wakubwa wa mjini?"

"Hao wakubwa walikuwa watoto. Umepewa kazi ya wote, wewe unauza ruhusa. Hiyo ndiyo rushwa. Anayetoa amekosa, anayepokea amekosa. Anayeumia ni asiye na kitu." Akampakulia. "Kula. Hapa chakula hakiuzwi."

Asubuhi mvulana mmoja alinyoosha mkono. "Shika, leo nimekuongezea."

"Sipokei. Kateke maji."

"Ehee! Jana si ulikula?"

"Nilikosa. Twende kwa mwalimu, nimwambie mwenyewe."

Mwalimu alimvua ukiranja. Wenzake walimcheka wiki nzima. Emelyne alivumilia, akabeba kidumu chake na cha Spès mpaka mguu ulipopona. Kila mtoto akaleta maji.

Mwaka uliofuata mipapai ilizaa. Mwalimu alimpa Emelyne kisu agawe. Alikata vipande sawasawa, akaanza na darasa la kwanza. Hakumwuliza mtu ameleta nini.