Namba Nne na Vifaranga Mia Sita

Kila alipotoka shule, Chapuchapu alipitia ofisi ya chama cha wafugaji wa kuku, alikofanya kazi shangazi yake. Jina hilo alipewa nyumbani, kwa sababu hata chai ya moto aliimaliza wenzake wakiwa bado wanapuliza.

Ofisini alimsaidia shangazi kwenye kompyuta. Mfugaji akitaka vifaranga, kompyuta ilituma ombi kwa kompyuta ya kituo cha kutotolea kilichoko mji wa pili, kisha ikangoja jibu. Mambo yakienda kombo, ilionyesha namba. Jumatatu ilitokea kumi na nne.

"Kule hawapatikani," shangazi alisema. "Bonyeza tena."

Akabonyeza, mambo yakanyooka.

Jumanne shangazi alitoka kidogo. Chapuchapu akamwombea bibi jirani vifaranga mia moja. Ikatokea namba nne. Ukutani palikuwa na karatasi yenye maana za namba zote, lakini nani wa kuisoma? Kwake kosa lilikuwa kosa tu. Akabonyeza tena. Nne! Mara ya sita likatokea neno "Limepokelewa", naye akaenda zake akipiga mluzi.

Jumatano alipofika ofisini, alipigwa na butwaa. Visanduku vya vifaranga vilijaa mpaka mlangoni, na kelele zao zilisikika barabarani. Bibi jirani alikuwa amejishika kichwa.

"Mia sita! Mimi nina banda la mia na taa moja! Hawa wengine niwalaze kitandani kwangu?"

"Wana umri wa siku moja tu," dereva wa lori alisema. "Wakikosa joto, hawafiki asubuhi."

Shangazi akauliza, "Nani ameagiza hivi?"

Chapuchapu akadakia, "Labda kompyuta imeharibika."

"Basi sigusi mzigo mpaka fundi aikague kesho, nijue agizo lipi ni la kweli," dereva akasema.

Kesho! Chapuchapu alichungulia tundu la kisanduku. Vifaranga walikuwa wamekumbatana, wakitetemeka.

"Shangazi, ni mimi," alisema huku akilia. "Ilitokea nne, nikabonyeza mara sita."

Shangazi alishtuka, lakini hakupoteza muda. Alipiga simu kituoni. Kumbe wafugaji watano walikuwa wameambiwa vifaranga wamekwisha, nao walikuwa wakingoja na taa zao tayari! Dereva akapakia upya, na kabla jua halijazama vifaranga wote walikuwa kwenye joto.

Ndipo shangazi alipomsimamisha Chapuchapu mbele ya ile karatasi. "Soma."

"Nne: muda wa kungoja jibu umekwisha. Kazi huenda imefanyika. Uliza kwanza." Chapuchapu aliduwaa. "Kumbe ombi la kwanza lilifika?"

"Yote sita yalifika. Majibu matano ndiyo yaliyochelewa."

"Nami nilidhani limekataliwa!"

"Hata mimi nilikosea," shangazi alisema. "Nilikufundisha namba moja, nikakuachia zote. Lakini sikiliza, mwanangu. Kompyuta ikikuambia kuna kosa, soma ni kosa gani kabla hujabonyeza chochote. Na kosa likiwa lako, liseme upesi kama ulivyofanya leo. Ungechelewa mpaka kesho, tungekuwa tunazika vifaranga mia tano."