Mfuko wa Tanga la Mbele

Jumamosi asubuhi Maimuna hakuhitaji kuamshwa. Alikuwa akiosha vyombo, akifagia uwanja, akimwamkia bibi yake aliyekaa mlangoni na ungo wa mchele, kisha akishika njia ya shuleni. Alisoma darasa la sita, na majirani zao pale Mafiga walishazoea kumwona akipita na kofia yake kichwani wakati mawingu bado yamelalia milima ya Uluguru. Jumamosi ilikuwa siku ya klabu.

Klabu yao ilikuwa na boti moja ndogo ya matanga, zawadi ya mhadhiri mmoja wa Mzumbe aliyekuwa akihama. Boti ilikaa kwenye bwawa nje kidogo ya mji, lakini matanga yake mawili yalihifadhiwa stoo ya shule. Tanga kuu lilikuwa la zamani, lenye viraka. Tanga la mbele, lile dogo la pembe tatu linalofungwa mbele ya mlingoti, lilikuwa jipya, jeupe pe. Mwanzoni mwa muhula Mwalimu Bernadeta, mlezi wa klabu, alimkabidhi Maimuna tanga hilo. Alimwambia kwamba likiharibika hakuna jingine, na bila hilo boti haitageuka vizuri upepo ukibadilika, kwa hiyo itabaki nchi kavu.

Siku hiyohiyo alimtuma akatafute mfuko wa kulihifadhia. Maimuna alikwenda kwa Mzee Stambuli, fundi wa maturubai karibu na soko. Fundi alimwonyesha mifuko miwili. Mmoja ulikuwa wa pamba nzito, rangi ya udongo, wenye mdomo mpana na vitundu vidogo kwenye kitako. Wa pili ulikuwa wa plastiki ya bluu inayong'aa, usiopitisha hata tone. Mzee Stambuli aliuliza utawekwa nini. Maimuna, ambaye macho yake yalishakwama kwenye ule wa bluu, alijibu haraka kwamba ni kitambaa tu, akauchukua. Mfuko usioingiza mvua, aliwaza, ndio unaofaa kwa kitu cha majini.

Tangu hapo, kila waliporudi kutoka bwawani, Maimuna alilikunja tanga harakaharaka, akalisukumia ndani ya mfuko, akakaza mdomo kwa mafundo mawili na kuuweka stoo. Hakutaka mtu mwingine auguse.

Jumamosi ya nne alikuta fundo moja.

Alisimama akilitazama. Alikumbuka vizuri kwamba alifunga mawili. Alipofungua mfuko, harufu nzito ilimpiga puani. Tanga lilikuwa limekunjwa mara nne kama shuka, na yeye hakuwa akilikunja hivyo. Kwenye pembe moja kulikuwa na madoa madogo meusi, kana kwamba mtu amemwagia pilipili manga. Chini kabisa ya mfuko alikuta ganda la karanga.

Hakumwambia mtu. Aliyafunika madoa kwa mkunjo, lakini moyoni jina lilishakuja. Rahel.

Rahel alihamia shuleni kwao mwezi wa kwanza akitokea Gairo, akajiunga na klabu, na mfuko wa sketi yake haukukosa karanga za kukaanga. Isitoshe, ndiye aliyekuwa na zamu ya kufagia stoo Jumanne na Alhamisi, na siku hizo ufunguo ulikuwa mkononi mwake. Maimuna alikumbuka pia kwamba Rahel aliwahi kuomba kulibeba tanga akamkatalia. Kila alipozidi kuwaza, kila kitu kilimwelekea Rahel. Rahel akicheka na wenzake, Maimuna aliona anachekwa yeye. Rahel akinyamaza, aliona anaficha jambo.

Jumanne, baada ya masomo, alijificha nyuma ya tangi la maji. Alimwona Rahel akiingia stoo na ufagio. Muda si mrefu alichungulia nje, akatazama kushoto na kulia, akatoka na mfuko wa bluu kifuani, akapinda nyuma ya darasa la tano. Maimuna hakumfuata. Alichokiona kilimtosha. Kabla ya Ijumaa wanaklabu wote walikuwa wameshaambiwa.

Jumamosi, mbele ya wenzao na Mwalimu Bernadeta, Maimuna alilikunjua tanga. Madoa yalikuwa yameongezeka.

"Ni Rahel," alisema. "Analichukua kwa siri. Nimemwona kwa macho yangu."

Rahel aliinamisha kichwa. "Nilikuwa nalitoa lipate upepo," alisema.

Watoto waliangua kicheko. Mwalimu aliwanyamazisha. Hakumtetea yeyote wala hakumlaumu yeyote. Alisema tu kwamba siku hiyo hakuna atakayekwenda majini, akalikunja tanga mwenyewe, akalirudisha katika mfuko wa bluu, akawachukua wasichana wote wawili hadi kwa Mzee Stambuli.

Baada ya kuamkiwa shikamoo, fundi alilinusa tanga, akalipapasa kwenye mishono, kisha akamtazama Maimuna.

"Hili ni tanga, mjukuu wangu. Wewe uliniambia ni kitambaa tu." Aligeukia mwalimu. "Lilikuwa likiingia mfukoni limekauka?"

Mwalimu alimtazama Maimuna. Maimuna alisema limekauka, kisha sauti ikapungua, akasema kwamba kwa nje lilionekana limekauka.

Mzee Stambuli alitoa vipande viwili vya kitambaa cheupe, akavilowesha na kuvikamua sawasawa. Kimoja alikitia katika mfuko wa bluu, kingine katika mfuko wa pamba aliowaazima. Aliwaambia waitundike mahali pamoja na wasiifungue kwa wiki nzima. Mwalimu aliitundika stoo, akaliacha tanga wazi kando yake, akaondoka na funguo zote.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Hakuna aliyekaa na Rahel wakati wa uji. Maimuna alipita mlango wa stoo kila siku kukagua kufuli, akiwa na hakika kwamba Rahel atatafuta njia ya kuingia. Kufuli halikuguswa. Kufikia Alhamisi Maimuna alianza kutamani lingekuwa limeguswa, na wazo hilo lilimtia aibu.

Jumamosi mwalimu alifungua mfuko wa pamba kwanza. Kitambaa kilikuwa kikavu, cheupe. Kisha akafungua ule wa bluu. Harufu ileile ilitoka, na kitambaa kilikuwa kibichi, kimetapakaa vidoa vyeusi.

"Funguo zilikuwa kwangu," alisema. "Kwa hiyo nani amekitia doa hiki?"

Mwalimu alimwomba Rahel aeleze.

"Baba yangu ananunua karanga kwa wakulima," Rahel alisema. "Mwaka mmoja zilitiwa kwenye mifuko ya nailoni kabla hazijakauka. Zikaota kuvu, akazitupa zote. Nilipofagia stoo nikasikia harufu kama ile. Nilimwambia Maimuna, akaniambia nisiguse. Ndiyo maana nikawa nalianika kwa kujificha."

Maimuna alikumbuka. Ilikuwa Jumatatu, foleni ya bombani, na yeye hakugeuka hata kumtazama usoni. Alisimama mbele ya wenzake.

"Tanga nimeliharibu mimi," alisema. "Nilichagua mfuko kwa sababu unang'aa, nikalitia likiwa na maji. Halafu nikamchafulia Rahel jina kwa watu wote. Nisamehe, Rahel."

Rahel aliitikia kwa kichwa, bila kutabasamu.

Asubuhi ile walilisugua tanga kwa maji safi, sabuni na brashi laini. Madoa yalififia lakini hayakuisha. Walilitundika kivulini, penye upepo, na Rahel akawaonyesha kubana mishono kwa vidole, maana ndiko unyevu unakojificha. Lilipokauka kabisa, walilizungusha taratibu kama mkeka, likaingia katika mfuko wa pamba. Ule wa bluu ulirudi kwa fundi.

Kabla hawajatawanyika, Mwalimu Bernadeta aliwaketisha.

"Kutilia shaka si kosa," alisema. "Fundo lilibadilika, madoa yalionekana, mtu makini lazima ajiulize. Lakini Maimuna, ulimwona mwenzako akipinda nyuma ya darasa, na hukutembea hatua ishirini kuona anafanya nini. Ulishapata jibu ulilolipenda. Jibu la namna hiyo ndilo la kuhakikisha kuliko yote, kabla hujalitamka mbele ya watu. Na wewe Rahel, ukiona kitu kinaoza na mwenzako hasikii, njoo kwa mkubwa. Wema wa kujificha unafanana sana na wizi."

Kisha aliwaambia kwamba kuanzia siku ile tanga la mbele litakuwa na watunzaji wawili. Maimuna alishika upande mmoja wa mfuko. Alisubiri. Rahel aliushika upande wa pili, wakaubeba pamoja hadi stoo.