Presha ya Cucu Mukiri

Mvua ilipolishukia soko la Meru ghafla, Kananu alikimbilia kibanda cha mitumba, sare yake nyeupe ya unesi imelowa na viatu viko mkononi. Mwanamume mwenye shati la bluu lililopigwa pasi akampisha.

"Ingia, sista. Kibanda si changu, lakini ingia."

"Na wewe unauza nini hapa?"

"Nauza sura tu. Tangu asubuhi sijapata mteja."

Kananu akacheka. Huyo ndiye Njuki wa Embu, aliyetumwa na serikali kuwafundisha wenye kliniki vipimo vipya vya ubora wa huduma. Jioni Njuki alimpigia simu, kesho yake tena, na kabla mahindi hayajakomaa alikuwa akimwita mpenzi.

Katika vipimo hivyo, kliniki ilipata alama kwa wagonjwa ambao presha yao imeshuka. Daktari Bundi, mwajiri wa Kananu pale Kinoru, akaona njia ya mkato.

"Wale ambao presha yao haishuki, waambie waende kwingine. Wanatuharibia alama."

Kananu alitii. Siku cucu Mukiri, bibi kizee aliyetibiwa hapo siku nyingi, alipofika kutoka Ruiri, amejifunga leso ya maua, presha iko juu kama kawaida, alimwambia kwa upole ajaribu hospitali nyingine. Mama mzee akamshukuru, akarudi nyumbani bila dawa. Wiki haikuisha, kiharusi kikamuua.

Njuki alipopiga simu, Kananu alimrukia kwa maneno. "Hivyo vipimo vyako ndivyo vimemuua. Usinipigie tena."

Tangu hapo hakupokea simu yake. Walikutana mazishini huko Ruiri, Njuki amevaa suti nyeusi, viatu vimejaa tope.

"Kananu, masharti ya vipimo yanakataza kumfukuza mgonjwa. Nilimweleza Bundi mwenyewe."

Hasira ilimtoka Kananu, na kilichobaki kikawa kizito zaidi.

"Kumbe ni sisi."

"Ni Bundi."

"Mdomo uliomwambia aende ni wangu, Njuki."

Njuki alitazama watu wakirudishia udongo. "Lazima niandike ripoti. Na mwezi huu nilitaka kuja kwenu kuongea na wazazi. Naweza kuliacha jina lako nje ya ripoti."

"Usiliache. Nitaishi vipi na wewe nikijua ulinifichia hili?"

Njuki aliandika. Kliniki ikafungwa, naye Kananu akaitwa Nairobi, mbele ya baraza la wauguzi. Jioni hiyo akampigia Njuki.

"Nimeisoma ripoti yako. Umesema ukweli."

Upande wa pili akamsikia Njuki akijizuia kulia.

"Nitaenda na wewe," Njuki akasema.

"Wewe ni shahidi, hawatakuruhusu ukae na mimi."

"Nitakaa nje, mlangoni."

"Na wakininyang'anya leseni?"

"Utanikuta hapo hapo."

Kananu aliiacha simu sikioni, akimsikiliza akipumua, mpaka salio likaisha.