Barua kwa Mkuu wa Kituo

Janeffer alichuma chai kila siku isipokuwa Jumapili. Shamba lake lilikuwa karibu na Kimulot, pale mashamba yanapoisha na msitu wa Mau unapoanza. Asubuhi alikama ng'ombe, akapika chai, akambebea mumewe kikombe chake nje. Kisha akafunga kikapu mgongoni na kuingia kwenye majani yenye umande.

Alikuwa akichuma peke yake. Mumewe, Kipkosgei, hakuweza tena kubeba kikapu. Alikaa kwenye kiti kidogo kando ya ukuta, akiota jua na kukohoa.

Hakuwa hivyo zamani. Mwaka wa 1996 watu wenye misumeno ya injini waliingia msituni. Walitumwa na tajiri mmoja kutoka mjini. Kipkosgei na majirani walikwenda kusimama mbele ya trekta lao. Polisi walikuja na virungu. Watu wanne walikamatwa, naye akiwa mmoja wao.

Mahakamani hakimu aliuliza, "Leseni yenu ya mkutano iko wapi?"

Hawakuwa na leseni. Hawakujua kwamba watu wakitaka kusimama pamoja na kusema neno, ni lazima waombe ruhusa.

Kipkosgei alifungwa miezi sita. Hakimu alimwambia, "Nikikuona hapa mara ya pili, sitahesabu miezi. Nitahesabu miaka."

Gerezani alilala kwenye saruji yenye maji. Alirudi nyumbani na kifua kikuu. Alitibiwa, lakini pumzi yake haikurudi yote. Tangu siku hiyo hakutaka mtu ataje msitu mbele yake.

Miti iliendelea kuanguka. Mvua kubwa ya El Nino ilipokuja, hakukuwa na mizizi ya kushika udongo. Matope yaliteremka mlimani, yakafunika nusu ya chemchemi ya kijiji. Ilipofika Februari 1999, akina mama walichota maji kwa kikombe, mmoja mmoja, wakisubiri yajikusanye tena.

Asubuhi moja Janeffer aliona rangi nyekundu kwenye miti iliyo juu ya chemchemi. Alijua maana yake. Miti hiyo ilikuwa imechaguliwa kukatwa.

Alirudi nyumbani na debe lisilojaa.

"Baba Chemutai," alimwambia mumewe, "wametia alama miti ya chemchemi. Akina mama tumekubaliana. Tutakwenda kukaa pale."

Kipkosgei hakuinua macho. "Hutaenda."

"Ikikatwa, tutakunywa nini?"

"Unataka watoto wakose mama? Mimi nilirudi hivi unavyoniona. Wewe utarudi vipi?"

Janeffer aliweka debe chini. Aliingia jikoni, akawasha moto. Alilia kimya, akijiambia ni moshi.

Jirani yao aliitwa Bosibori. Wazazi wake walitoka Kisii kuja kufanya kazi katika mashamba makubwa ya chai, naye akakulia hapa. Alifanya kazi na kanisa. Aliwafundisha watu sheria kwa lugha rahisi. Siku iliyofuata Janeffer alimwita nyumbani.

"Baba Chemutai, habari ya kifua?" Bosibori alimsalimu.

"Kipo tu. Kama umekuja kumtia mke wangu jela, rudi kwako."

Bosibori alikaa. Hakukasirika. "Ulifungwa kwa sababu hamkuwa na leseni. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Leseni hiyo haipo tena. Sheria ilibadilishwa mwisho wa mwaka wa tisini na saba. Siku hizi hatuombi ruhusa ya kukutana. Tunatoa taarifa tu."

"Taarifa ni nini?" aliuliza Janeffer.

"Ni barua. Unampelekea mkuu wa kituo cha polisi. Unaandika jina lako na mahali unapokaa. Unaandika mtakutana wapi, tarehe gani na saa ngapi. Mkutano uwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Barua imfikie siku tatu kabla, au zaidi, lakini zisipite kumi na nne."

"Akikataa?"

"Anaweza kukataa kama watu wengine wameshaandikisha mahali pale pale, saa ile ile. Basi atakuambia uchague siku nyingine."

Kipkosgei alicheka kicheko kikavu. Kiligeuka kikohozi. Walisubiri mpaka kiishe.

"Kwa hivyo serikali imekuwa rafiki yetu?" aliuliza.

"Hapana, baba. Sitakudanganya. Fujo bado ina adhabu kali. Mtu akibeba panga au rungu mkutanoni, ni kosa. Mkirusha mawe, mkivunja trekta, mtafungwa, na barua haitawaokoa. Na ukikutana bila kutoa taarifa, bado ni kosa."

"Na polisi wakitupiga na barua tunayo?" aliuliza Kipkosgei.

Bosibori alitazama chini. "Karatasi haizuii kirungu. Lakini mbele ya hakimu inasema. Wewe hukuwa na kitu cha kukusemea."



Bosibori alitoa kalamu. "Barua inataka jina la mwenye kuitisha mkutano. Likitokea jambo, huyo ndiye ataitwa kwanza. Niandike jina la nani?"

Nje kuku walikuwa wakiparua.

"Andika langu," alisema Janeffer.

Kipkosgei aliinuka. Alitoka nje bila kofia, akaenda kusimama katikati ya chai, akiwapa mgongo.

Ijumaa asubuhi Janeffer na Bosibori walifika kituo cha polisi na nakala mbili za barua. Waliketi kwenye benchi mpaka saa saba mchana. Mwishowe mkuu wa kituo aliwaita. Alisoma barua, akaisukuma kando.

"Kibali hiki hampati."

"Afande, hatuombi kibali," alisema Bosibori kwa heshima. "Tunakupa taarifa, kama sheria inavyosema. Tunaomba utupigie muhuri kwenye nakala yetu."

Mkuu wa kituo alimgeukia Janeffer. "Mama, mume wako si yule wa tisini na sita?"

"Ndiye, afande."

"Na bado hamjajifunza?"

Janeffer aliirudisha barua mbele yake. "Tumejifunza. Ndiyo sababu nimekuja kwako kwanza."

Mkuu wa kituo alimtazama. Kisha alivuta muhuri na kuugonga kwenye nakala.

Mkutano ulikuwa Jumatano. Watu thelathini na wawili walikusanyika kwanza nyumbani kwa Janeffer. Mzee Kipchoge, mrina asali, alikuja na rungu lake.

"Mzee, liache hapa kwenye ua," Janeffer alimwomba.

"Natembea na rungu tangu nitahiriwe!"

"Leo litatufunga sote."

Mzee alinung'unika, lakini aliliacha.

Walipanda, wakakaa chini karibu na chemchemi, mbali kidogo na njia ya trekta. Waliimba nyimbo za kanisa. Misumeno haikunyamaza. Mti wa kwanza ulianguka, ardhi ikatetemeka. Ukaanguka wa pili. Askari sita walifika kwa Land Rover.

"Tawanyikeni!" mmoja alipiga kelele.

Janeffer alisimama. Aliinyoosha barua kwa mikono miwili. Askari aliisoma. Akauona muhuri. Akaenda kwenye gari kuzungumza kwa redio.

Wakati huo mti wa tatu ulianguka. Mzee Kipchoge alitoa sauti kama aliyechomwa. "Huo ni mti wa mizinga ya baba yangu!" Aliokota jiwe.

Janeffer alimshika mkono. "Mzee, nakuomba. Jiwe moja tu, na sisi ndio wakosaji."

Mkono wa mzee ulikuwa mgumu kama mpini. Ukalegea. Jiwe likaanguka. Alikaa chini, akajifunika uso kwa koti.

Askari alirudi. "Kaeni. Msiguse kitu," alisema.

Saa tisa alikuja ofisa wa msitu, kwa sababu Bosibori alikuwa amempelekea nakala ya barua pia. Aliwataka wakataji waonyeshe karatasi yao ya ruhusa. Aliisoma mara mbili. Iliwaruhusu kukata kwenye mlima wa pili, si juu ya chemchemi. Aliwaamuru wazime misumeno.

Hakuna aliyeshangilia. Miti saba ilikuwa imelala chini.

Walipoteremka, Kipkosgei alikuwa amesimama njiani, ameshika uzio wa nyumba. Alikuwa akihesabu watu kwa kidole. Mkewe alipofika alisema, "Thelathini na wawili."

"Wote," alisema Janeffer.

"Hakuna aliyechukuliwa?"

"Hakuna."

Alitaka kusema jambo lingine, kikohozi kikamzuia. Alimshika mkewe mkono, wakarudi nyumbani polepole.

Maji ya chemchemi hayakuongezeka mwaka huo. Ofisa wa msitu alisema itachukua miaka mingi. Kwenye mlima wa pili miti iliendelea kukatwa, maana karatasi ya kule ilikuwa halali. Lakini miti ya chemchemi iliyobaki haikuguswa tena, na hakuna aliyelala gerezani kwa ajili yake.

Sasa watu huja kwa Janeffer kuuliza jinsi ya kuandika barua. Wengine hutoka mbali, hata Kipkelion. Anawaeleza kuhusu siku tatu, saa, mahali na muhuri. Anawaambia waache mapanga nyumbani. Kisha anashika kalamu na kuuliza, "Niandike jina la nani?"

Hapo watu hunyamaza. Janeffer hawaharakishi. Anaweka kalamu mezani, anawamiminia chai, anangoja.