Hilo Ni Jibu, Si Jina

Saa kumi na mbili kamili asubuhi, Ramani Hai iliamka. Ilikuwa meza ya kioo, pana kama uwanja wa mpira wa kikapu, katikati ya ukumbi wa Idara ya Ramani ya Jiji la Lubanga, na kila siku ilijichora upya bila mkono wa mtu. Vijindege elfu tatu viliruka juu ya jiji vikipiga picha, na kioo kikazigeuza picha hizo kuwa alama. Msalaba mwekundu ulikuwa zahanati. Matone mawili, kisima. Magari yasiyo na dereva, mabomba ya maji, ndege-tabibu za kubeba wagonjwa, vyote vilisoma alama hizo na kuzitii. Kilichokuwa mezani kilihudumiwa. Kisichokuwepo kilijitafutia riziki chenyewe.

Alama nyingi kati ya hizo zilibuniwa na Mhandisi Minza Lugendo, mpima ardhi aliyekuwa na miaka ishirini kazini. Asubuhi hiyo alikuwa akiizunguka meza na kikombe cha chai mkononi alipoona Eneo la 31, upande wa kusini, limezungushiwa rangi ya machungwa. Maana yake aliijua: saa kumi alasiri visawazishi vingefika. Hizo zilikuwa mashine za kusawazisha ardhi, nzito kuliko ndovu kumi, na ndani yake hamkuwa na mtu wa kusihi.

Aliinama. Ndani ya rangi hiyo mlikuwa na nyumba mia mbili na kumi na nne, zote zimechorwa kwa mstari wa nukta.

"Kwa nini mnabomoa hapa?" aliiuliza meza.

"Makazi ya muda," Ramani ilijibu. "Hayana jina."

Minza alikiweka kikombe chini. Mstari wa nukta aliubuni yeye, miaka kumi na miwili iliyopita, na hakuupa maana hiyo. Katika ufunguo wa ramani aliandika: nyumba ambazo bado hatujakwenda kuzipima. Zile nukta zilikuwa za kumkumbusha mpima kwamba ana safari. Lakini hakuna aliyekwenda. Ramani hujifunza kwa mazoea. Ikaona kwamba wenye nukta hawapelekewi maji wala barabara, ikaamua kuwa hao ni wapita njia.

"Wakazi hawakuleta jina?"

"Wameleta mara kumi na saba. Wanaandika Hatutoki. Hilo ni jibu, si jina."

Mkurugenzi Shekiondo, mtu mpole aliyependa mambo yaishe mapema, alimsikiliza ofisini kwake akiwa amesimama.

"Bi Minza, mashine haina chuki na mtu. Jina la mahali ni jina. Hao wameandika sentensi nzima, tena ya ubishi."

"Mitaa yetu imejaa majina ya hivyo tangu enzi za babu zetu."

"Ndiyo maana ramani za zamani zilikuwa vurugu tupu. Waandike Amani, waandike Maendeleo, mwakani tutaangalia."

"Mwakani watakuwa wapi, Mkurugenzi?"

Shekiondo alitazama saa yake. Minza alichukua kalamu-ardhi yake, kifimbo cha chuma ambacho mpima hukigusisha mlangoni pa nyumba, vipimo vikaenda moja kwa moja mezani, akatoka.

Gari lilimfikisha mwisho wa lami likagoma. "Mbele hakuna njia," lilisema. Mbele palikuwa na njia pana iliyopigwa kwa miguu, na kando yake mwanamke akiuza vitumbua. Minza aliteremka, akatembea.

Nyumba ya kwanza kutoka barabarani ilikuwa ya Bi Nyamizi, fundi cherehani na mwenyekiti wa mtaa. Alikuwa barazani akishona, kana kwamba hajapata habari ya visawazishi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni wa Idara. Umekuja kutuhesabu au kutufukuza?"

"Nimekuja kuuliza. Kwa nini mlilishikilia jina hilo, wakati mashine imelikataa mara kumi na saba?"

Bi Nyamizi alikata uzi kwa meno. "Zamani zile jiji lilituandikia barua: mnatoka lini? Tukajibu kwa neno moja. Ikaja ya pili, tukajibu vilevile. Watu wakaoa hapa, wakazaa, wakazika. Leo hakuna anayekumbuka barua, jina limebaki. Sasa tukajiite Amani? Amani ipi hiyo?"

Kisha akainyoosha nguo mapajani, akasema kwa sauti ileile, "Mkwe wangu Kabula alitokwa damu akijifungua, mwezi wa tatu. Tuliita ndege-tabibu. Ikaja hadi pale penye lami, ikasimama hewani. Tulikuwa tunaipungia vitenge. Ikasema, hapa hakuna makazi ya kudumu, ikageuka. Nilimshika mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Hakufika machweo, wala mtoto."

Minza angeweza kunyamaza, nani angejua?

"Ule mstari ulioirudisha ndege niliuchora mimi," alisema. "Niliuchora kwa nia nyingine. Lakini ni mimi."

Bi Nyamizi aliiweka nguo kando.

"Basi kaufute," alisema.

Kulikuwa na njia moja. Sheria ya upimaji, ambayo Minza mwenyewe aliiandika na wengi wakaisahau, ilisema kipimo kilichochukuliwa na mtu kwa miguu kinashinda makisio ya mashine. Kila mlango ambao kalamu ingeugusa ungepata mstari mzima badala ya nukta, na penye mstari mzima kisawazishi hakikanyagi.

"Tuanzie kwako, mama."

"Tuanzie bondeni, kwenye wazee na wenye watoto wachanga. Hao hawawezi kukimbia."

"Lakini mashine zitaingilia huku."

"Nimesema bondeni."

Wakaenda. Kila mlango Minza aligusa, na kila mlango aliuliza swali moja: "Unakaa wapi?" Kalamu ilirekodi sauti. Muuza mkaa alisema, "Hatutoki." Mwalimu mstaafu alisema, "Hatutoki." Msichana aliyekuwa akisuka nywele alijibu bila kuinua kichwa, kama mtu aliyeulizwa kitu cha kijinga: "Si hapa Hatutoki!"

Saa nane Shekiondo alipiga simu. "Rudi ofisini, Bi Minza. Nimeita kikao cha kuifunga kalamu yako."

"Kifanye, Mkurugenzi. Mimi nina milango."

Kwenye nyumba ya mia moja na tisini kalamu ilitetemeka, sauti ya Ramani ikatoka ndani yake. "Neno hili ni kitenzi. Lakini limejibu swali la wapi mara mia na tisini. Neno linalojibu wapi ni mahali." Ikaongeza: "Jina limepokelewa: Hatutoki."

Kelele zilipanda bondeni hadi kuku wakatawanyika. Minza hakushangilia. Ardhi ilikuwa imeanza kutikisika.

Visawazishi viliingia saa kumi kamili, vinne sambamba, kutoka upande wa lami. Minza alikimbia mlango kwa mlango. Jina lilikwisha kuokolewa, ila kila nyumba ilihitaji mstari wake. Mashine zilipokuta mstari mzima zilisimama papo hapo, zikageuka zikarudi barabarani kama zilivyokuja. Lakini kabla ya hapo zilikuwa zimepita juu ya nyumba tisa ambazo kalamu haikuzifikia. Watu wote walikuwa wameshatoka nje. Ya Bi Nyamizi ilikuwa mojawapo. Cherehani yake iliokolewa na majirani.

Mezani, zile nyumba tisa zilifutika. Pakawa peupe.

"Kikao kimeamua," Shekiondo alisema kwenye simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Kalamu itafungwa saa kumi na moja. Umefanya ulilofanya. Hapo peupe paache."

"Sipaachi."

Zilibaki dakika kumi na mbili. Minza alipiga magoti kwenye vifusi akachora kwa kalamu alama ambayo haikuwa katika ufunguo wowote: fremu ya mlango, bila ukuta, bila paa, kwa mstari mzima. Aliichora mara tisa.

"Alama ngeni," Ramani ilisema. "Maana yake?"

"Andika: nyumba iliyobomolewa na ramani."

"Maana imeandikwa."

Bi Nyamizi alikuwa amesimama nyuma yake, akichungulia picha ndogo iliyong'aa juu ya kalamu. Hakushukuru, wala hakusema amesamehe.

"Umekosea," alisema. "Mlango wangu ulitazama mashariki."

Zilibaki dakika tatu. Minza alifuta, akaugeuza mlango, akauchora tena. Kisha akainua kichwa kwa wale wengine wanane waliokuwa wamesogea, akauliza, "Na wako wewe, ulitazama wapi?"