Wapangaji Hawakuandikwa

Lifti ya maktaba kuu ilijaa Jumamosi ile, na kahawa ya Hamse ikamwagikia abaya ya kijani ya msichana aliyebanwa ubavuni pake.

"Wee! Hii ni mpya!"

"Pole, malkia. Nitakununulia nyingine ya arusi."

Msichana huyo, Ardo, alicheka mpaka akasahau doa. Wote wawili Wasomali wa Eastleigh, Nairobi, Kiswahili chao cha utani walikuja nacho Birmingham.

Hamse alipoposa, Mzee Korane, babake Ardo, aliuliza swali la wazee wa Kisomali: wewe ni wa nani? Hamse akataja nasaba yake, kisha akajigamba kwamba babu yake baharia aliishi Winson Green, mtaa wa papo hapo Birmingham. Mzee hakuwahi kumsikia. "Nionyeshe," alisema.

Wakarudi maktaba kupekua vitabu vya zamani vya anwani za mji, vyenye kila mtaa na jina kwa kila nyumba. Nyumba aliyoitaja nyanya yake Hamse wakaiona. Jina lilikuwa moja: Bibi Hollis.

Ardo akasogea dirishani kumpigia babake simu. "Aabo, jina la babu yake halimo..."

Hamse hakungoja zaidi. Alishuka ngazi akiwaka kwa aibu. Heri aondoke kuliko kuitwa mwongo. Ardo akapiga, Hamse akamkatia. Akapiga tena, akamblock. Kiburi cha kijinga kabisa!

Miezi ilipita, moyo ukamshinda Hamse. Akarudi kwenye vile vitabu, na Rajni wa maktaba akamweleza: viliandika mwenye nyumba tu, wapangaji hawakuandikwa. Alimpigia Ardo papo hapo.

"Mpenzi, babu alikuwa mpangaji! Ndiyo maana hayumo!"

"Nilijua siku ileile. Ndiyo nilikuwa namweleza Aabo."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Eti yeye mwenyewe alipanga chumba mtaa wa Northfield, na hakuna kitabu kinachomjua. Akasema uje Ijumaa, ule nasi. Tukapika, Hamse. Aabo akavaa koti lake la Idi, akakaa kuangalia mlango."

"Nakuja sasa hivi. Please, Ardo."

"Usije. Nimeposwa na Tahlil."

"Mzee amekulazimisha?"

Ardo alikuwa analia, lakini sauti haikuyumba.

"Aabo aliniambia nikungojee kidogo. Mimi ndiye niliyekataa."