Kiapo cha Anzola wa Fidla

Sokoni Rialto, katika mji uliojengwa juu ya maji, kati ya wauza samaki na wanawake wenye makapu, Anzola alimkanyaga mtu mguu.

"Polepole, bibiye! Na huo ndio mguu wangu mzuri."

"Basi ungeufungia kabatini."

Mwenye mguu aliitwa Zorzi, mgeni kutoka Padova, mtengenezaji wa nyuzi za fidla, koti la buluu, mikono ikinuka utumbo wa kondoo anaousokota kuwa nyuzi. Anzola alivaa gauni jekundu la nyumba ya yatima, ua la komamanga nyweleni. Mwalimu wake wa fidla alikuwa amemleta kununua nyuzi, na duka lenyewe lilikuwa la Zorzi. Lo! Mapenzi yakaanza.

Jumapili Zorzi akaenda kanisani kuwasikiliza mabinti wa nyumba ile, wanaopiga muziki nyuma ya wavu wa chuma wasionekane. Walikuwa na simfoni mpya, ya nyuzi tupu, hakuna tarumbeta wala ngoma. Ilianza chini kabisa, ikinguruma, kama maji yanayopanda ngazi taratibu kuelekea mlangoni. Kisha fidla moja ikapasua juu, na Zorzi akajua ni Anzola. Aliogopa, wala hakujua anaogopa nini.

Akapeleka posa. Wakuu wa nyumba wakakubali, lakini Anzola akaanza kumkwepa. Kila Zorzi akija chumba cha wageni, anaambiwa binti ana mazoezi.

"Umepata tajiri?" Zorzi alimfokea siku binti alipotokea hatimaye, wavu kama ule wa kanisani ukiwa kati yao. "Sema tu, nikatafute wa saizi yangu!"

"Mjinga wewe! Tajiri gani atauvumilia ulimi huu?"

"Basi kuna nini, roho yangu?"

"Kumbe hujui? Binti wa nyumba hii akiolewa, anaapa hatapiga tena mbele za watu. Mpaka kaburini."

Zorzi akashusha pumzi, akacheka. "Ni hilo tu? Nami nilidhani kuna mwanamume!"

Ni hilo tu! Ningekuwapo ningemzaba kofi. Lakini Anzola alimpenda, na mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Alipitisha vidole kwenye wavu, Zorzi akavibusu kimoja kimoja. Anzola akaapa, akaolewa.

Jumapili iliyofuata walikaa bega kwa bega kanisani, bibi harusi katika hariri ya kijani, mashoga wakimwonea wivu. Nyuma ya wavu, mngurumo ule wa simfoni ukaanza. Zorzi akahisi vidole vya mkewe vikimbonyeza mkononi, kwa nguvu, kwa kasi, vikikimbizana kama juu ya nyuzi. Akamtazama. Macho yalikuwa yamefumbwa, makavu.

"Anzola," akanong'ona, "umejuta?"

"Nakupenda, Zorzi. Nyamaza, huyo mwenzangu anayepiga sehemu yangu anachelewa."

Vidole havikukoma. Zorzi hakuuondoa mkono, ingawa ulimuuma hadi mfupani, na mbele ya watu wote wa kanisa lile akalia, kwa kuwa sasa alijua alichomnyang'anya.